Mama Saketi Anajibu: Chipu Inayokesha

*Shikamoo Mama Saketi. Mimi ni kijana wa Njombe, nalima parachichi pamoja na baba. Nimeunda kifaa cha kupima unyevu wa udongo, kila saa kinatuma kipimo nyumbani kwa Wi-Fi. Betri ni ile ya duara iliyotoka kwenye laptop mbovu, imeandikwa 2600 mAh. Inakata kabla ya siku mbili kwisha. Nimesoma kwamba siku hizi kompyuta inabuni chipu yenyewe, kazi yako ni kuiambia unachotaka. Naomba unielekeze niipate programu hiyo, nibuni chipu ya redio isiyokula umeme. (Msomaji, Njombe)*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kupanda na kushuka kilima na betri mfukoni. Hiyo programu ipo, majina yake utayakuta chini kwenye jibu la mwenzako wa Mombasa, lakini kwanza shika kalamu.

Bodi ya Wi-Fi kama hiyo uliyonipigia picha, ikiwa macho na imeshika mtandao, hula miliampea 70 hadi 80. Hiyo mAh ni miliampea-saa, kwa hiyo gawa 2,600 kwa 75. Unapata saa 34 na kitu. Kwa hiyo betri yako haina kosa, imekufa kwa ahadi. Kifaa kinafanya kazi ya sekunde chache, halafu dakika 59 zilizobaki kinakesha tu, kimekodoa macho.

Utasema basi nikilaze. Kilaze, lakini ukimaliza angalia kando ya tundu la USB. Kuna kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Tuseme kinakula miliampea 3. Kwa siku ni 72. Hicho kitaa peke yake kinamaliza betri yako kwa siku 36, hata kama mengine yote yamezimika. Kibandue kwa pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, au kata njia yake kwa wembe. Vijana wengi wanaoniletea bodi hapa Tanga wamehangaika na programu wiki nzima, na mwizi anawaka usoni pao.

La pili, Wi-Fi iache nyumbani. Shambani tumia LoRa, mtindo wa redio uliobuniwa Ufaransa na kampuni ndogo ya Cycleo, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Unatuma polepole mno, maneno machache, lakini sauti inafika kilomita kadhaa. Ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, masafa yanayoruhusiwa kabla ya kununua. Sasa piga hesabu nami: ujumbe mmoja mfupi unakaa hewani kama sekunde 0.4. Kwa nguvu ya juu kabisa redio inakula miliampea 120. Mara 24 kwa siku, hiyo ni mAh 0.32. Muda uliobaki kifaa kizima kimelala kwa maikroampea 10, yaani mAh 0.24 kwa siku. Jumla haifiki 0.6. Kwa betri yako hiyo ni zaidi ya miaka 12 kwenye karatasi. Betri itazeeka yenyewe kabla redio haijaimaliza.

Rudi uzitazame hizo namba mbili, 0.32 na 0.24. Kupiga kelele na kulala vinagharimu karibu sawa. Usingizi ukiharibika kidogo, tuseme maikroampea 100 badala ya 10, usingizi unakula mara saba ya kelele. Hapo ndipo swali lako la kompyuta inayobuni chipu linapoanzia, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoumbuka.

Sehemu ya dijitali ya chipu, ile ya kuhesabu na kukumbuka, imekuwa ikichorwa na programu tangu miaka ya 1980. Unaandika tabia ya chipu kwa lugha kama Verilog: likija hili, fanya lile. Programu ya kwanza inageuza maandishi kuwa geti, vile vijisehemu vya chipu vinavyoamua moja au sifuri. Nyingine inazipanga geti hizo kwenye uwanja, nyingine inasambaza mapigo ya saa, mdundo unaoongoza kazi ya chipu, yafike kila pembe kwa wakati mmoja, nyingine inavuta waya. Hakuna mtu anayeweza kupanga geti milioni kwa mkono akamaliza uhai wake salama. Na katika kubana umeme programu hizi ni hodari. Zikiona kundi la geti halina kazi, zinalikatia mapigo ya saa. Zikiona sehemu inayoweza kwenda taratibu, zinakuruhusu uishushie volti, na faida yake ni kubwa, maana umeme wa kila pigo hufuata volti kwa kipeo cha pili: toka 1.2 hadi 0.6, gharama inabaki robo.

Ila zinabana kile ulichoziambia zibane.

Mwaka 2012 nilikuwa Ujerumani, kwenye kampuni moja iliyobuni chipu ya redio kwa ajili ya mita za maji. Mita hizo hukaa vyumba vya chini vya majengo, hutuma usomaji wake kwa megahezi 868, na betri haibadilishwi hadi siku mita yenyewe inapong'olewa. Tuliahidi miaka 12. Usingizi tulipangiwa maikroampea 1, na sehemu ya dijitali ilikuwa juu yangu.

Sasa elewa kitu kimoja. Programu inapochagua geti huwa na makabati matatu mbele yake. Transista, swichi ndogo zinazounda geti, zina kizingiti, volti ambayo chini yake zinahesabika zimefungwa. Za kizingiti cha chini ni kama bomba laini: zinafunguka kwa kidole, zina kasi, lakini hata zikifungwa zinadondosha. Za kizingiti cha juu ni nzito kufungua, hazidondoshi. Kabati la tatu ni la katikati. Ukishusha kizingiti kwa milivolti 80 hadi 100 hivi, mdondoko unaongezeka mara 10.

Mimi nilinakili faili la masharti kutoka mradi uliopita. Humo saa ilikuwa megahezi 64. Chipu ya mita ilihitaji 16. Sikubadilisha. Programu ikatii: ili kufikia kasi ambayo hakuna aliyeihitaji, ikachota kabati la mabomba laini, ikajaza uwanja. Kila jaribio likapita. Na niseme haki yake, ripoti iliandika. Safu ya tatu: mvujo, yaani ule mdondoko, asilimia 0.8 ya umeme wote. Nani anasumbuka na asilimia 0.8? Lakini huo "umeme wote" ulikuwa wa chipu iliyo macho, na chipu ile katika kila sekunde 1,000 ilikuwa inalala 999.

Chipu zilirudi kutoka kiwandani baada ya wiki 13. Nikaweka ya kwanza kwenye kishikizo, nikailaza, nikasoma multimita. Maikroampea 14. Nikadhani nimeshika vibaya waya wa ardhi. Nikabadilisha chipu: 14. Ya tatu: 13.6. Zidisha hizo 13 za ziada kwa miaka 12, unapata karibu mAh 1,370, na betri ya mita ilikuwa ya 2,400. Mkuu wangu hakugomba. Aliichapa ile ripoti kwenye karatasi, akaiweka mezani kwangu, akaondoka. Ningependa angegomba.

Marekebisho yalikuwa tarakimu mbili, 64 kuwa 16. Programu ikaenda yenyewe kwenye kabati la mabomba magumu, ikafanya kazi nzuri ambayo mimi nisingeiweza. Ila kuchapa chipu upya si kuchapa barua, na bili yake sikuonyeshwa, nadhani kwa huruma.

Kwa hiyo, mwanangu wa Njombe, hauhitaji chipu mpya. Zilizopo madukani zinalala vizuri kuliko bodi iliyozibeba. Ukishabandua kitaa, weka multimita kwenye safu ya maikroampea, ipitishe kati ya betri na bodi, niandikie namba unayoisoma. Na uipime mchana, kiboksi kikiwa juani, si usiku. Mvujo hupanda na joto, karibu maradufu kwa kila nyuzi 10.

*Assalam aleikum mwanangu. Nina miaka 74, niko Pemba. Redio yangu ya betri hukoroma tirit-tirit-tirit kabla simu haijaita. Simu hii ndogo ya vitufe inafanya hivyo, ya mjukuu wangu ya kioo haifanyi. Mke wangu anasema redio ina mtu ndani. (Msomaji, Wete)*

Waaleikum salaam, shikamoo mzee wangu, na msalimie mama. Mtu hayumo. Simu yako ni ya kizazi cha pili. Simu nane hugawana masafa mamoja kwa zamu, kila moja ikipewa nafasi ya milisekunde 0.577, kisha inanyamaza kusubiri wenzake saba. Zamu inamrudia kila milisekunde 4.6, yaani mara 217 kwa sekunde. Mnara ukiitafuta simu yako, simu hujibu "nipo" kabla haijaita, na kila zamu inapiga kelele kwa nguvu ya hadi wati 2. Transista za redio yako hazijui kushika masafa hayo, lakini zinahisi kule kuwaka na kuzima, na mara 217 kwa sekunde ni sauti ambayo sikio la binadamu linaisikia vizuri. Simu ya mjukuu iko kizazi cha nne, haiwaki na kuzima kwa mtindo huo.

Nimefurahi umeuliza, maana hiyo tirit-tirit ni kubana umeme kunakosikika kwa masikio. Kikuza-mawimbi cha simu yako kinafanya kazi muda mmoja kati ya nane. Mafundi wanaofunga modemu za kizazi cha pili kwenye vifaa vyao wanaijua kwa uchungu: kila zamu inavuta hadi ampea 2 kwa ghafla, waya ukiwa mwembamba volti inaanguka na modemu inajizima. Dawa ni kapasita kubwa, iliyolehemiwa karibu kabisa na miguu ya modemu.

*Habari Mama Saketi. Ni mwanafunzi wa uhandisi, Mombasa. Mwalimu wetu anasema tusisome redio, akili unde tayari inachora chipu za redio ambazo hata binadamu hawazielewi. Ni kweli? Na kama si kweli nianzie wapi, sina pesa za leseni. (Msomaji, Kisauni)*

Nzuri. Kwanza nikiri, sisi huku tunasema akili mnemba, lakini naona unde yenu inavutia.

Mwalimu wako amesoma habari ya kweli, ila ameinyoosha. Desemba 2024 Kaushik Sengupta wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake, wakiwemo wa chuo cha IIT Madras cha India, walichapisha kazi yao katika jarida la Nature Communications. Hawakuiachia kompyuta chipu nzima. Waliiachia vile vipande vya chuma vinavyokaa kati ya transista na antena, vya kugawa, kuchuja na kupatanisha mawimbi, katika masafa ya juu sana, makumi ya gigahezi.

Zamani, hata leo, vipande hivyo huchorwa kwa maumbo tunayoyajua: koili ya duara, mstari, uma. Unachora, unaipa programu ya uigaji ikokotoe mawimbi yatapitaje, unasubiri, unapunguza upana kidogo, unasubiri tena. Wao waligawa uwanja kuwa viraba vidogo, kila kiraba kina chuma au hakina, wakaufundisha mtandao-neva, programu inayojifunza kwa mifano, kukisia tabia ya mchoro wowote bila kusubiri uigaji. Kisha wakauliza kinyume: nataka tabia hii, nipe mchoro. Kinachotoka kinafanana na ile alama ya malipo iliyobandikwa dukani, viraba vyeusi na vyeupe bila mpangilio. Ndiyo hiyo "binadamu hawaielewi". Lakini ukikipima, kinafanya kazi.

Kwa nini mambo haya yalichelewa miaka 40 nyuma ya dijitali? Kwa sababu geti ya dijitali haijali jirani yake ni nani. Moja ni moja, sifuri ni sifuri. Koili ya redio inajali kila kitu: waya uliopita maikromita 20 pembeni, chuma cha chini yake, hata kifuniko cha plastiki. Ni kama kuwamba ngoma. Baba yangu alikuwa na duka la redio Ngamiani, na jirani yake alikuwa akiwamba ngoma. Hakupima kwa futi hata siku moja. Anaipasha moto, anaigonga, anainamisha sikio, anairudisha motoni. Ngozi ya leo si ya jana. Wabunifu wa redio wa chipu wanafanya vivyo hivyo kwa SPICE, programu ya kuiga saketi iliyozaliwa Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengine wana sikio hilo kweli. Nimefanya kazi na mmoja aliyekuwa akitazama mchoro na kusema "hii itapiga mluzi", na ikapiga.

Faida kwa umeme ipo, tena si ndogo. Redio inapotuma, mlaji mkubwa ni kikuza-mawimbi cha mwisho. Kipande cha kupatanisha kikipoteza desibeli 1 tu, moja ya tano ya nguvu uliyoilipia imekuwa joto kabla ya kufika antena. Mashine inayojaribu maumbo laki moja wakati mimi najaribu matatu, ikaokoa hata nusu desibeli, naivulia kofia. Lakini chipu ikirudi kutoka kiwandani na haifanyi inavyotakiwa, ndipo nitamtaka mtu anayejua mawimbi yanapita wapi, kwa sababu kwenye viraba vile sioni mahali pa kuweka kidole nikasema kosa liko hapa. Mwambie mwalimu wako hivyo, kwa heshima.

Kuhusu leseni, umezaliwa wakati mzuri. Mimi wakati wangu leseni ya programu moja ilikuwa haishikiki na mtu binafsi. Leo Yosys inageuza Verilog kuwa geti, bure. OpenROAD inapanga na kuvuta waya, bure. Ilianza 2018 kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, ikiongozwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego, na shabaha yao ilikuwa mchoro kamili kwa saa 24 bila mkono wa mtu. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater walifungua kanuni za uchoraji za nanomita 130 (kipimo cha udogo wa transista), ambazo kabla ya hapo ungezisoma baada ya kusaini karatasi za siri. Kwa kuwa wewe unataka redio, usiishie hapo: tazama za IHP, taasisi ya Frankfurt (Oder), Ujerumani. Nayo ni 130, lakini ina transista za silikoni na germani zinazofaa masafa ya juu, na kanuni zake ziko wazi. Ukitaka kushika chipu yako mkononi, Tiny Tapeout wanakusanya michoro midogo ya watu mamia kwenye chipu moja, mnachangia gharama.

Usiogope 130. Hesabu niliyompa mwenzako wa Njombe inakuhusu: chipu inayolala mno haitaki transista ndogo kuliko zote, maana ndogo zaidi mara nyingi huvuja zaidi.

Na usisahau kwamba Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya kutengeneza chipu, Semiconductor Technologies Limited. Mombasa hadi Nyeri ni usiku mmoja wa basi. Andika barua, omba kuona chumba safi, kile kisicho na vumbi cha kutengenezea chipu, vaa soksi zisizotoboka kwa sababu viatu utavua.

Anza na kitu kidogo: kihesabio cha sekunde kinachoamka, kinatoa pigo moja, kinalala. Kichore mara mbili, mara ya kwanza ukiidai programu megahezi 50, mara ya pili kilohezi 32. Weka ripoti mbili kando kwa kando, soma safu ya tatu.

*Mama Saketi, bado unatengeneza redio za kawaida au umekuwa wa chipu tu? Nina Philips ya marehemu babu, haishiki stesheni. (Msomaji, Pongwe)*

Natengeneza, Jumamosi tu, baada ya saa nne. Ilete na kitufe chake cha kuzungushia kama bado kipo, na betri toa kabla ya kupanda daladala.